Mama Santa Laker, Mchanganya Rangi Aliyeandikwa Mfagiaji

Mbale, Jumamosi, 15 Novemba 1997

Naahidi kueleza yote katika wasifu huu, hata lile nililoambiwa ofisini kwamba si la kuandikwa kwenye programu ya sherehe.

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, Mama Santa Laker wa Walukuba atastaafu baada ya kuitumikia Matbaa ya Gurbachan na Wana, Jinja, kwa miaka ishirini na minane. Wafanyakazi wenzake wamenichagua mimi niandike, ingawa mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nami hukunja vipeperushi pale wakati wa likizo tu. Walisema Kiswahili changu kimenyooka kwa kuwa mwalimu wangu alisomea Tanzania, na kwamba kwenye matbaa yenye Waacholi, Wasoga, Wagisu na Wapunjabi, lugha hii haimpendelei mtu.

Kabla sijarudi shuleni, Bi Jasvinder, bintiye Bwana Gurbachan, alinipa karatasi yenye mambo ya lazima. Jina: Santa Laker. Kuanza kazi: Machi 1969. Kustaafu: Novemba 1997. Kazi: mfagiaji. Nikamwuliza kama hapo hapakukosewa. Akanijibu kwa upole, "Shifa, kitabu cha waajiriwa kinasema hivyo. Sisi tunafuata kitabu." Neno hilohilo litaandikwa kwenye cheti chake cha kustaafu, na cheti hicho ndicho kitakachompa au kumnyima kazi mpya huku Mbale. Karatasi ninayo hapa bwenini, na kila nikiisoma nakasirika upya.

Kufagia si aibu. Mama yangu hufagia wodi, na kwa kazi hiyo amenisomesha. Ni kweli pia kwamba mwaka 1969 Mama Santa aliajiriwa kufagia. Lakini alipewa vilevile kuosha rola za mashine kila jioni, na hapo ndipo alipojifunza. Alitazama rangi zinavyotoka moja baada ya nyingine kwenye kitambaa chenye mafuta ya taa, mpaka akajua kijani cha paketi za chai kina bluu kiasi gani na njano kiasi gani. Mwaka 1972 wenye matbaa walipofukuzwa nchini pamoja na Waasia wengine, fundi wa wino aliondoka nao. Asubuhi iliyofuata mashine zilikuwepo, karatasi zilikuwepo, ila hapakuwa na wa kuchanganya rangi isipokuwa yule mwenye ufagio. Akauegemeza ukutani, akachanganya. Hajaacha mpaka leo. Bwana Gurbachan aliporudi mwaka 1993 alikuta matbaa yake bado inachapa, akasema mbele ya wote kwamba hakutegemea. Kitabu cha waajiriwa hakikufunguliwa siku hiyo.

Wateja wetu ni watu wa biashara ndogo, na wengi huja na rangi wanayoipenda wao. Mama Santa huwauliza kwanza bango litakaa wapi, nani atalisoma, na kwa mwanga gani. Husema rangi mbili zinatosha; ya tatu ni ya kumfurahisha mwenye duka. Hajati Hajarah wa Kimaka hakusikia. Alitaka bango la kuwazuia askari waliozoea kuulizia pombe dukani kwake: HAPA HATUUZI WARAGI, neno la katikati liwe jekundu, kali.

"Hajati, nyekundu jua itakula," Mama Santa alimwambia. "Neno kubwa weka nyeusi."

Hajati akasema anayelipa ni yeye. Bango likatundikwa mlangoni, likitazama magharibi. Miezi mitatu baadaye likasomeka HAPA, kisha nafasi nyeupe, kisha WARAGI. Jumamosi moja askari wakajaa barazani. "Hajati, usitufiche! Si umeandika mwenyewe? Lete nusu!" Alikuja matbaani na bango kwapani, leso ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda vitani, na Mama Santa alimpa kiti kabla ya kumpa jibu. Akamchapia jingine bila malipo, jeusi tupu. "Hii," akamwambia, "hata jua ya Kimaka itachoka yenyewe."

Kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ya mistari. Mwaka 1994 Bi Gorreti, mtengeneza sabuni wa Walukuba, alitaka wateja wa Mbale, lakini hakuwa na uwezo wa kupanga duka huku. Alikuwa na kibanda katika soko la Mbale siku za Alhamisi tu. Mama Santa alimshauri atafute watu ambao tayari wana wateja wao, wamsifie sabuni. Wakapatikana wawili hapa Mbale, mtaa wa Namakwekwe: Gaster, fundi cherehani, na Racheal, msusi. Wote walipewa vipeperushi vya aina moja, ila vya Gaster vilikuwa na mstari wa kijani pembeni, vya Racheal wa bluu. Mteja alipofika sokoni na kipeperushi chake, Gorreti alijua ametumwa na nani. Kila aliyeleta wateja kumi akapewa mche mmoja wa sabuni. Aliyeongea tu bila kuleta mtu, hakupata kitu.

Wiki ya pili palizuka ugomvi. Racheal aliona sabuni zake zinakwenda kwa fundi. "Wewe Gaster, umeanza lini kusuka nywele?" alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Tangu wateja wako waanze kutaka nguo!" Gaster akamjibu, bila kuinua mguu kwenye cherehani. Kumbe kibanda cha Gorreti kiko ndani kabisa ya soko, ambako taa ya chemli huwashwa hata mchana, na kwenye mwanga ule wa njano kijani na bluu ni mapacha. Mama Santa alipanda basi kutoka Jinja, akajionea mwenyewe, akasema kosa ni lake, kwa kuwa rangi alizichagulia dirishani. Tangu hapo Gaster akawa na mstari mmoja, Racheal miwili. Leo biashara kumi na saba za Jinja na Mbale zinauza kwa njia hiyo.

Mwaka jana wafanyabiashara wa Jinja waliipa matbaa tuzo ya ubunifu kwa ajili ya mistari hiyo. Mpiga picha aliitwa. Mama Santa aliombwa afagie chumba kabla mpiga picha hajafika, kisha asubiri nje. Picha hiyo iko ukutani ofisini. Sakafu yake inang'aa.

Haya yote ningeyameza kama ingekuwa ni heshima tu. Lakini Mama Santa anahamia Namakwekwe kwa binti yake, na chama cha wanawake wafanyabiashara wa Mbale kinatafuta mtu wa kuwafundisha wauzaji wadogo jinsi ya kujitangaza. Kila mwombaji alete, kabla ya tarehe 5 Desemba, cheti cha mwajiri kinachotaja kazi aliyoifanya. Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa shuleni nikaenda kuuliza. Katibu wao alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka sana kuhusu waragi, kisha akafunga daftari. "Binti, mimi sina shida naye. Lakini cheti kikisema mfagiaji, wenzangu nitawaambia nini?"

Mama Santa mwenyewe hajalalamika. Nilipomwonyesha ile karatasi ya ofisini aliishika mbali kidogo na macho, kama anavyofanya kwa kila kitu kilichochapwa. "Maandishi imekaa katikati vizuri," akasema, akarudi kwenye makopo yake. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Mama Santa, asante kwa kila bango linalosomeka kati ya Jinja na Mbale. Wenzako wa chumba cha mashine, wateja wako, na mimi mkunja vipeperushi wako, tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na king'ora cha kuita kazini, na wanafunzi wanaosikia mara ya kwanza. Ukipewa darasa hilo, benchi la mbele niwekee nafasi.

Bi Jasvinder, katika nakala hii ninayokutumia nimeacha nafasi wazi chini ya jina la Mama Santa, mahali pa kuandika kazi yake. Programu itaingia mashineni tarehe 26, na wino wake atauchanganya yeye, kwa kuwa matbaa nzima haina mwingine anayejua. Nakuomba unijibu mara tu upatapo barua hii: utampa achape neno gani hapo?