Kilichomnyonyoa Punda wa Mkokoteni

Asubuhi ile kibarazani, kahawa aliyotuuzia Shangazi ilipoa vikombeni. Punda wa mzee Mkokoteni, muuza maji wetu, alikuwa ananyonyoka nywele za shingo, na kwato zake zimepasuka kama ukuta wa chokaa. Bila punda, Mkokoteni hana kazi. Benchi zima likaingia kutafuta sababu.

— Ni mnara wa simu, akasema Betri, fundi redio. Unamchoma ubongo.

— Ubongo uko kwatoni? akauliza Mkokoteni.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Hapo methali imeingiaje?

— Imeingia, wewe tu hujaiona.

Msumari, seremala, akaguna.

— Mnara wapi! Kuna mtu anamnyoa, anashona wigi.

— Na kwato?

— Kwato... vifungo vya koti.

Binti yake Shangazi, daktari wa mifugo, alikuwa amepita kumwamkia mama yake.

— Shikamoo, baba, akamwambia Mkokoteni. Punda anakula wapi?

— Marahaba, mwanangu. Kule machimbo ya zamani. Kuna majani yananuka kama kitunguu saumu, anayapenda huyo!

— Ndiyo hayo. Udongo ule una madini ya seleniamu, pacha wa salfa. Sasa, mmea una vimeng'enya, ndio mafundi wake wa kujenga protini. Kwenye mimea mingi, mafundi hawatofautishi mapacha. Wanafyatua tofali la seleniamu, wanaliweka ukutani, nyumba inapinda.

— Mbona yale majani yamenawiri?

— Yana fundi wa ziada. Akiona tofali la seleniamu, analivika kofia. Likishavaa, halipenyi tena ukutani, linakaa stoo.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe kofia! akadakia Betri.

— Punda hana fundi huyo. Anakula stoo nzima, madhara yanatokea kwenye nywele na kwato, ndiko protini yenye salfa ilikojaa.

— Atapona? akauliza Mkokoteni.

— Akiyaacha mapema, kwato zitaota upya.

Tukapumua. Shangazi akamimina kahawa ya moto. Betri akashauri punda alishwe njiti za kiberiti, salfa imrudie mwilini. Msumari akataka kumchongea kofia ya mninga.

Akaja mama mmoja mgeni, ndoo tupu mkononi.

— Samahanini, huyo punda mwenyewe yuko wapi?

Tukageuka. Kwenye mkokoteni ilining'inia kamba tupu.

Mkokoteni alitimka na ndala moja, sisi nyuma yake. Tulimkuta punda machimboni, mdomo umejaa. Mkokoteni akaikumbatia shingo ile yenye vipara, akawa anayachokoa majani kwa vidole, anambembeleza:

— Tema, baba. Tema.