Upepo Uliosubiri Kuzinduliwa

Mgeni rasmi, shikamoo, na karibu Rwamigezi. Mara ya kwanza tulipoambiwa unakuja, mahindi yalikuwa yanachipua. Mara ya pili yalikuwa yamebeba. Leo tumekwisha kuyavuna, nawe umefika. Tunashukuru.

HISTORIA FUPI

Zahanati yetu ina gari moja la wagonjwa, na dereva wake ni Koleta Benedicto. Kutoka hapa hadi barabara kuu ni bonde la tope na makorongo. Kutoka pale hadi hospitali ni lami tupu. Kwenye tope Koleta hupunguza upepo ili tairi litandae na kushika ardhi. Akifika lami lazima aurudishe, maana tairi laini likikimbizwa likiwa na mzigo huchemka, likapasuka. Kipimo kimoja hakifai njia zote mbili.

MAFANIKIO

Tulipata mashine ya kujazia upepo, ya kubeba garini, pamoja na kipimo chake. Ikafungwa utepe, ikafungiwa ofisini, ikikusubiri wewe.

CHANGAMOTO

Usiku mmoja wa masika, Frida Nkeshimana alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Koleta alikwenda kwanza kwa Celestini, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, mwenye ufunguo.

"Kaka, nipe mashine."

"Haijazinduliwa, dada. Tumeagizwa tumsubiri mgeni rasmi."

"Upepo nao unazinduliwa?"

Celestini alitazama chini. Ufunguo hakuutoa.

Koleta angeenda na matairi magumu, angeteleza bondeni na kulala huko. Kwa hiyo alitoa upepo, akalipita bonde bila kukwama. Lakini kwenye lami ilibidi atambae. Malori yalimpigia honi, na nyuma yake Frida alikuwa analia, "Dada, kimbiza!" Mguu ulimwasha Koleta kukanyaga mafuta. Aliuma meno, akaendelea kutambaa, kwa sababu tairi likipasuka wangekufa wote.

Frida alipona. Mtoto alifika amechoka mno, hakukuona kucha.

Mpaka leo Koleta anajiuliza ingekuwaje kama angethubutu kukimbia. Sisi hatumuulizi hilo. Tunachouliza, mgeni rasmi, ni utepe ule ulikuwa wa kazi gani.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: daraja, kifusi, mafuta. Tumeyaweka kando, kwa sababu maneno yanayofuata yameongezwa kwa kalamu sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa. Kuna mgonjwa ng'ambo ya bonde. Jana mvua ilinyesha. Koleta amekwisha kuwasha gari.

Tunakuomba ukate utepe sasa, kabla ya ngoma, kabla ya hotuba yako. Kama mpiga picha hajawa tayari, basi.

Mungu akubariki, akurudishe salama kwako, na wagonjwa wetu awafikishe mapema.

Ni sisi, wakazi wa Rwamigezi. Risala hii imesomwa kwa niaba yao na Scholastika Ansbert, ambaye anakuomba usimpe mkono kwanza. Mkasi ni huu.