Mama Kigoda, Dalali Aliyengoja Mvua

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi wapangaji mliokuja kwa wingi hata viti vikaisha, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee safari ya dada yangu hapa duniani, nami naomba mvumilie nikisoma polepole, maana siku hizi tano usingizi umekuwa wa kuokota, na miwani niliyovaa ni ya kuazima.

Mtamwona shemeji, mume wa marehemu, ameketi mbele kwenye kigoda cha kukunja, msimletee kiti, amekitaka mwenyewe, ni kigoda cha mkewe. Asubuhi hii vijana wanne wamembeba kumshusha ngazi sitini na mbili kutoka ghorofa ya tatu, kwa kuwa magoti yake hayawezi ngazi tena, na kumhamishia nyumba ya chini, atoke nje kwa miguu yake akaote jua kama watu wengine, ndiyo ahadi ambayo marehemu aliihangaikia mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 katika zahanati ya kiwanda cha nguo, ambako baba yetu alikuwa bawabu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Tulilelewa katika chumba kimoja chenye pazia katikati, upande huu wazazi, upande ule sisi tumepangana kama njiti za kiberiti, na kila paa lilipovuja yeye ndiye aliyeamka kusogeza ndoo. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza mwaka 1972, akasomea upigaji chapa, akapata cheti chake tarehe 30 Novemba 1974.

Aliajiriwa na wakili mmoja, akapiga chapa mikataba ya upangaji kwa miaka minane, mpaka akaijua kwa moyo kama sala, ndipo mwezi Machi 1983 akaacha kazi ile na kwenda kukaa kwenye benchi la madalali wa nyumba, mbele ya duka la vioo, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba. Mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, alimpangishia mama mmoja aliyetoka kujifungua vyumba viwili vizuri vyenye rangi mpya, na mvua ya kwanza iliponyesha maji yakaingia mpaka kitandani, yule mama akaja pale benchini na kichanga kimelowa, hakutukana, alisema tu, "Dada, wewe ulinipangishia jua."

Neno hilo halikumtoka tena. Tangu siku ile hakumkabidhi mteja ufunguo kabla yeye mwenyewe hajakaa ndani ya nyumba hiyo mvua ikinyesha, alikwenda na kigoda chake cha kukunja, akakaa chumba baada ya chumba, akipapasa kuta na kutazama dari, na mvua isiponyesha mteja alingoja, na aliyeshindwa kungoja alikwenda kwa dalali mwingine. Wenzake walimcheka wakamwita Mama Kigoda, na mzee wa benchi, ambaye yupo hapa na atanisamehe, alikuwa akimwuliza, "Wewe ni dalali au mtabiri wa hali ya hewa?" naye akimjibu, "Mimi ni dalali, ila wateja wangu hawarudi kulia." Mteja wake mmoja asiyeona, aliyekaa pale karibu na mlango, alipatiwa nyumba, kisha marehemu akatembea naye hadi kituoni asubuhi nne mfululizo mpaka mteja akazijua hatua zake, jambo ambalo halimo katika mkataba wowote.

Mumewe alikuwa mpeleka barua, na walijuana kwa sababu marehemu alikuwa akimsimamisha njiani kumwuliza nyumba gani ina mbwa mkali na mtaa gani hujaa maji, mpaka siku moja kijana akasema, "Dada, kila siku unaniuliza habari za nyumba, habari zangu utaniuliza lini?" Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986, Mungu akawajalia watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa 1987, ambaye ni muuguzi, wa pili wa kiume, aliyezaliwa 1990, ambaye ni dereva wa lori, na wajukuu watatu.

Lazima tuseme kweli mbele za Mungu, wema ule ulichosha watu wa nyumbani. Mfinyanzi hulia gaeni, na tangu magoti ya shemeji yaharibike mwaka 2015 marehemu alimpatia nyumba ya chini mara tatu, na mara zote tatu akampa mteja aliyekuwa na shida zaidi. Watoto walisema ukitaka mama akuangalie uwe mpangaji, na shemeji, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwuliza, "Mke wangu, mimi ni mteja wako wa ngapi?" Marehemu alijibu, "Wewe ni wa mwisho, na wa mwisho sitamkosea."

Oktoba iliyopita akaipata ya nne, vyumba viwili na uwanja mdogo, hakuna hata kizingiti, akaapa hii hampi mtu, mwenye nyumba akamwachia ufunguo mpaka mwisho wa Februari, lakini kilikuwa kiangazi, naye akasema, "Bado sijaiona ikinyeshewa." Tarehe 3 Novemba alilazwa, ikaonekana figo zote mbili zimechoka. Kila aliyefika kumjulia hali aliulizwa kwanza, "Imenyesha?" nasi tulijibu bado, maana vuli zilitunyima, na siku moja binti yake, kwa huruma, akasema imenyesha kidogo, marehemu akamtazama akasema, "Mbona mwavuli wako mkavu, mwanangu?" Alifariki tarehe 19 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, ufunguo ukiwa chini ya mto wake, na mbingu zilikuwa nyeupe.

Mvua ilinyesha juzi, saa nane mchana. Shemeji akaomba ashushwe, majirani wakamwambia mfiwa hatoki, akasema, "Nipeni kigoda." Walimbeba mvuani, akafungua mlango, akakaa kama mkewe alivyokaa, chumba cha kwanza, chumba cha pili, jikoni, akapapasa kuta, akakaa mpaka mvua ikakatika yenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani wa ghorofa zote tatu, vijana mliobeba, madalali wa benchi, na wapangaji wote aliowangojea mvua nanyi mkamngoja. Tunamshukuru mwenye nyumba, aliyesubiri bila kulalamika, na ambaye sasa amesikia kwamba dirisha la jikoni lina ufa mdogo na linahitaji fundi.

Shemeji ameomba neno la mwisho lisomwe kama alivyolisema aliporudi juzi, nguo zimelowa, ufunguo mkononi, akiwa amesimama mbele ya picha ya mkewe, "Haivuji. Nahamia Jumamosi."

Umemaliza kazi, dada. Kunja kigoda, upumzike kwa amani.