Alama ya Boneti ya Biliqo

Mheshimiwa Mwakilishi wetu wa Wadi, Mkuu wa Kituo cha Polisi, Chifu wetu, Sheikh na Mchungaji mlioketi kiti kwa kiti, wazee wa soko la mifugo, mafundi wa jua kali, akina mama wa Wabera, wageni waalikwa kutoka Nairobi, na wewe mwenye siku, fundi Emuron Aule: salaam aleikum. Ndugu zangu Wakristo, habari za mchana. Wameru, muga. Waturkana, ejok, na leo sijakuja kutafuta ngamia walioibwa.

Nimepewa dakika kumi. Lorna, mshereheshaji wetu, amenionyesha saa yake mara mbili kwa sababu ananijua. Nami nimempa Lorna karatasi iliyokunjwa mara nne, nikamwomba aikalie mpaka nimwambie ainuke. Ameikalia tangu saa nne. Anayejiuliza ina nini, avumilie kidogo, maana hata mimi liko jambo ninalojiuliza tangu asubuhi na bado sijapata jibu.

Kwa msionijua, mimi ni Dullo. Miaka thelathini na mmoja nilikagua alama za mifugo hapa soko la Isiolo, na hakuna ng'ombe aliyepanda lori kabla sijapapasa sikio lake na kusoma chapa ya nyonga yake. Mama watoto husema hata mvua ikinyesha mimi huuliza imetumwa na nani. Si uongo. Kushuku ndiko kulikolisha watoto wangu, na ingawa nimestaafu kukagua, sijastaafu kushuku. Sheria yetu sokoni ilikuwa moja: alama haitajwi mpaka mkaguzi aulize, na anayedai mnyama aitaje kabla hajaonyeshwa mnyama. Ukishamwonyesha, kutaja kuna kazi gani? Hata mwizi ana macho.

Sasa huyu Emuron. Tulijuana mwaka ule barabara ya Moyale ilipokuwa inawekwa lami. Alikuja kwangu amebeba mlango wa gari mabegani. Mturkana kumletea Mborana mlango wa gari, nyinyi mngefikiri nini? Nilimwuliza ameuiba wapi kabla sijamkaribisha chai. Akacheka, akaniambia, mzee, wewe unasoma ng'ombe, mimi ninasoma bati, tufundishane.

Tukafundishana. Mimi nilimfundisha sheria ya soko. Yeye alinifundisha kugonga bati kwa kifundo cha kidole: la kiwandani hujibu kwa sauti nzito, la kopi hulia kama sufuria ya dukani. Alinifundisha kupitisha sumaku, na mahali inapokataa kushika, ujue chini ya rangi kuna fila, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bati, mtu ameficha jeraha. Alinionyesha tundu za bolti, kwamba za asili zimetulia mahali pake na za kopi zimelazimishwa kwa tupa. Halafu alinifundisha kupindua, kwa sababu muuzaji hupamba upande wa juu tu. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Na lile gari pale, mnaloliona limefunikwa turubai, ndilo lililotukutanisha. Ni Mustang ya mwaka sitini na nane, gari la Kimarekani, usukani kushoto, injini ya kuamsha mtaa. Mzungu mmoja wa kutafuta mafuta alilileta huku mwaka wa sabini na nne, akili yake Mungu anaijua, likamfia njiani, akaliacha. Gari likilala miaka mitatu bila mwenyewe ni la nani? Watu walichukua walichohitaji. Mlango mmoja ulikwenda Rapsu ukawa wa kufungia maji ya mfereji shambani. Fenda ya kushoto ilikuwa hapa hapa Wabera, inakinga pumba kwenye kinu cha posho. Boneti ilipanda ngamia mpaka Biliqo, kwa marehemu Waqo na mkewe Amran, ikawa paa la kibanda cha watoto wa mbuzi kwa miaka zaidi ya arobaini.

Emuron alizunguka miaka sita kuvitafuta vipande hivi. Akikuta cha asili, alimwambia mwenyewe ni cha asili na kina thamani gani, hata kama mwenyewe angekitoa bure kwa kikombe cha chai. Mlango wa Rapsu maji yalikuwa yameula ukingo wote wa chini, akasema wazi kwamba bei yake ni ndogo. Boneti ya Biliqo ndiyo iliyomtoa machozi. Kule hakuna unyevu, bati lilikuwa zima, namba ya kiwanda inasomeka. Akajitokeza mnunuzi wa Nairobi aliyelitaka gari zima, akasema likiwa na boneti yake ya asili, Amran atapata bei ya ngamia wanne majike. Likiwa na kopi, hapati hata mbuzi wa Idi. Na mnajua kwamba ukame uliopita ulimwachia Amran kamba tu, bila mnyama wa kufunga.

Ndipo mnunuzi akatuletea mkadiriaji, Bwana Brian, yule pale meza kuu, shati jeupe. Tumpigieni makofi. Zaidi kidogo, ametoka mbali.

Bwana Brian ni mtu mwangalifu mno. Mlango ulioliwa na maji aliutazama hapa hapa, akatosheka. Fenda iliyopondeka aliitazama hapa hapa, akatosheka. Lakini boneti, ile nzima kuliko vyote, alisema lazima aende nayo Nairobi ipimwe kwa mashine ya kusoma unene wa rangi. Nyinyi mmewahi kuona daktari akiacha wagonjwa kitandani akampeleka hospitali aliye mzima? Mimi sijawahi, lakini mimi ni mtu wa ng'ombe. Ikakaa siku nne. Ikarudi na ripoti ya kurasa tano kwamba hii ni kopi, na kwamba kama kulikuwa na ya asili, basi imebadilishwa kabla haijafika mkononi mwake.

Imebadilishwa na nani? Gereji ni ya Emuron. Ufunguo ni wa Emuron. Lisemwalo lipo, tukasema, na kama halipo laja. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Watoto wakamwimbia mwizi. Na mimi, rafiki yake wa mlango na sumaku, nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, pale hotelini, mbele ya watu, kwamba Mturkana amerudia kazi ya babu zake, kuiba. Emuron alikuja kwangu akasema maneno matatu tu: "Hii si ile." Nikamjibu, bila shaka si ile, na wewe ndiye unayejua ile iko wapi. Akaondoka. Wiki iliyofuata tukasikia amestaafu na anahamia kwa dada yake kule Ngaremara. Basi msinidanganye kwamba sherehe hii ni ya kustaafu. Tunamuaga mtu tuliyemfukuza.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Biliqo. Sikwenda kumtetea mtu, nilikwenda kumshuku Amran. Nilitaka kujua kama boneti iliyotoka kwake ilikuwa ya asili tangu mwanzo. Nikamwuliza kama nilivyouliza watu sokoni: ilikuwa na alama gani? Akacheka, kisha akalia kidogo. Akaniambia marehemu Waqo alikuwa mtu wa wasiwasi, na kila walipohama aliogopa watu wataichukua ile boneti. Siku moja akipiga ngamia chapa, chuma kikiwa bado chekundu, aliigeuza boneti akaipiga chapa pia, upande wa ndani. Moto haukupenya bati, lakini uliunguza rangi, na kutu ikafuata njia ya moto. Nilichora alama hiyo mbele yake, naye akaiwekea kidole gumba. Hiyo ndiyo karatasi anayoikalia Lorna.

Lakini kabla Lorna hajainuka, nataka tumheshimu mgeni. Ripoti yake ninayo hapa, nimeisoma mara saba, mke wangu ni shahidi. Ukurasa wa tatu, mahali pa kasoro, Bwana Brian ameandika hivi kwa mkono wake: upande wa ndani, karibu na bawaba ya kulia, doa la kuungua, mstari mmoja wima na madoa mawili madogo juu yake. Mwangalifu kweli kweli. Hakuna aliyewahi kupiga picha tumbo la boneti, lakini yeye aliliona doa akaliandika ili bei ishuke.

Lorna, inuka sasa, kunjua, inyanyue juu waone. Mstari mmoja wima, nukta mbili juu. Wazee wa soko, hiyo ni nini? Semeni kwa nguvu. Ni chapa ya ngamia wa Waqo, ndiyo. Kumbe mgeni wetu aliisoma chapa ya ngamia akadhani ni uchafu.

Basi toeni turubai, fungueni ile boneti iliyorudi. Mkuu wa Kituo, naomba usogee, na wewe Chifu. Karibu na bawaba ya kulia. Kuna mstari? Hakuna. Kuna nukta? Hakuna. Rangi ya ndani imeungua popote? Mkuu wa Kituo amesema ni nzima, haijawahi kuguswa na moto. Bwana Brian, kaa tu, chakula bado. Uliyoipima Nairobi ilikuwa na chapa, umeandika mwenyewe na ukatia sahihi. Uliyoturudishia haina. Kwetu, mnyama akipotea, aliyekuwa naye mwisho ndiye hufuata nyayo, na leo utazifuata ukiwa na Mkuu wa Kituo. Za mwizi ni arobaini. Mimi sikutaji jina, ninahesabu tu.

Msipige makofi. Nimesema msipige, kwa sababu sijamaliza kushuku.

Kopi hii ilikaa vizuri kwenye hili gari. Nani alijua vipimo? Emuron alikaa na ile boneti miezi miwili, akaigeuza mara ngapi? Kama aliiona chapa, kwa nini alinyamaza wiki tatu tukimtukana? Mtu anayejua na kunyamaza, sokoni tulimwita mshirika. Nimekuja hapa leo nikijua ya Bwana Brian, na ya Emuron siyajui. Lorna, mpelekee kipaza sauti. Emuron, karatasi ilinyanyuliwa, umeiona kama wengine, kwa hiyo sikuulizi umbo. Nakuuliza kitu ambacho hakimo kwenye karatasi wala kwenye ripoti, Amran aliniambia mdomoni: ile nukta ya kushoto ina nini?

Mmemsikia. Amesema ina mkia. Amesema chuma kiliteleza.

Ni kweli. Waqo aliteleza kwa sababu Amran alimpigia kelele kwamba anaharibu paa lake. Kwa hiyo uliiona, Emuron. Uliiona na ulijua. Basi nijibu mbele ya hawa watu: kwa nini hukusema?

Wale wa nyuma hamkusikia, anaongea polepole, nitarudia maneno yake kama yalivyo. Amesema: "Ningeitaja, jioni hiyo kopi ingepigwa moto. Wewe ndiye uliyenifundisha alama haitajwi mpaka uulizwe. Nilikuja kwako nikasema hii si ile, nikangoja uniulize nimejuaje."

Nipeni maji kidogo.

Ndugu zangu, hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Angekuwa mshirika, kopi ingerudi na chapa yake, mkia na yote. Alinyamaza kulinda ngamia wa mama ambaye hajawahi kumwona kwa macho, maana boneti ililetwa na mpwa wa Amran kwenye lori la mbuzi. Akabeba matusi yetu wiki tatu, akingoja swali moja. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Mimi nililipwa mshahara miaka thelathini na mmoja kwa kazi ya kuuliza, na rafiki yangu aliposimama mlangoni pangu sikumwuliza. Niliwashuku watu wote, kumbe sikuwahi kuishuku midomo yangu. Nimeona haya, Emuron. Nilikukosea pale hotelini mbele ya watu, na ndiyo maana nakuomba msamaha mbele ya watu, wakiwemo wale wale.

Kamati ilikununulia begi la safari, lile jekundu pale mezani. Lorna, lilete kwangu. Hili halimwendei Emuron. Nitalitumia mimi kurudi Biliqo kumwambia Amran asikate tamaa na ngamia wake, na nikirudi nataka nikute gereji imefunguliwa, maana hilo gari halina boneti yake na Isiolo nzima hakuna mwingine atakayeitambua ikirudi.

Mheshimiwa, wageni waalikwa, nimezidisha dakika na Lorna ananitazama. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Kipaza sauti ninamwachia Emuron, na safari hii tutakaa mpaka amalize.