Ndugu Wawili wa Brésil kwenye Benchi ya Mushaki

Benchi yetu iko mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Mukabaranga, hapa Mushaki, pale magari ya Sake yanapumzisha moteri. Siku ya ine asubui tulikuwa watatu: Sebarenzi, tunamuita Docteur kwa sababu anachoma ngombe sindano, Léopold, tunamuita Antenne, njo mwenye telefone, na miye, Soliste, mwenye kuimba sauti ya kwanza mu chapelle, kanisa yetu ndogo. Antenne alituonyesha ndugu wawili wa Brésil, watoto wa wachungaji wa ngombe, wanaimba mu stade ya mupira imejaa mupaka juu. Katikati ya wimbo walinyamaza, na watu wakaubeba wenyewe mupaka mwisho. Kahawa ilipoa mu mikono yetu. Niungame mapema: nilikuwa na wivu. Tangu Pasaka sijaimba na mudogo wangu Hakorimana, mwenye kunishikia sauti ya pili. Nilimwambia mbele ya korali nzima kama sauti yake ni ya kusindikiza tu. Akarudi kwake Kibabi, hakurudi tena. Na sikukuu ya mavuno iko siku ya Mungu hii, dimanche.

— Miaka makumi tatu wanaimba, Antenne akasema. Walianza mu kukamua, kila moja upande wake wa ngombe.

— Njo siri yao, Docteur akasema. Ngombe akisikia sauti mbili anaachilia maziwa yote. Fimbo ya mbali haiue nyoka.

— Nyoka anaingia wapi hapa, Docteur? nikauliza.

— Anaingia. Wale walikuwa karibu.

— Lakini waliachana, Antenne akasema. Miaka saba, kila moja peke yake, na stade zikabaki nusu.

Hapo niliinama juu ya telefone.

— Nani aliwarudisha? nikauliza.

— Mama yao, Mama Mukabaranga akasema, akimimina. Alikataa kula mupaka wakae mesa moja.

— Hapana, Mama. Walikunywa maziwa mu kibuyu kimoja, kiapo ya wachungaji. Mwenye kuvunja, koo inafunga.

— Docteur, kule Brésil kuna kibuyu? Antenne akauliza.

— Weye ulishaona ngombe bila kibuyu?

— Miye naona hawa si wawili, Antenne akasema. Ni muntu moja. Mungu alimugawa, sababu stade iko kubwa, muntu moja hawezi kuijaza.

— Na ile miaka saba? nikauliza.

— Alikuwa anajitafuta.

Tulimutazama ule wa pili, kofia imeshuka juu ya macho, anabeba sauti ya kaka yake kama watu wanavyobeba mugonjwa mu kipoyi, ile machela ya mabegani, asitikisike.

Dada moja muuza samaki wa Shasha, Francine, alikuwa anangojea pneu ya pikipiki yake ijazwe upepo. Aliinama naye juu ya telefone.

— Basi walipatana?

— Walipatana, dada.

— Na nani alitangulia kwenda kwa mwenzake?

Antenne akapandisha kidole mu telefone, akashusha. Mama Mukabaranga hakuangalia telefone. Aliniangalia miye.

— Haikuandikwa, Antenne akasema.

Niliweka kikombe chini, nikavaa bottes zangu za matope.

— Soliste, kahawa haijaisha. Unaenda wapi?

— Kibabi.

— Kufanya nini?

— Kumuomba Hakorimana aimbe sauti ya kwanza siku ya Mungu. Akikubali, miye nitamushikia ya pili.