Isaku wa Ushiroura, Mkuu wa Mwisho wa Watawa wa Orishima

Ndugu wafiwa, wazee wa mabaraza ya vijiji, na ninyi mliopanda kwa miguu kutoka bandarini katika matope haya, familia inawashukuru kwa kufika. Mimi ninayesoma ni mkwe wa marehemu, mume wa binti yake Ofumi, na nitajitahidi kufupisha, kwa kuwa marehemu mwenyewe hotuba ndefu zilimchosha.

Marehemu Isaku, ambaye wengi mlimjua kwa jina la utawa la Ryoen, alizaliwa hapa Ushiroura majira ya kupandikiza mpunga, mwaka wa tisa wa Mkuu Jakusho, akiwa mtoto wa pili wa kiume wa mzee Matabei, mchemsha chumvi, na mkewe Otsuyu. Kuzaliwa wa pili siku zile halikuwa jambo dogo. Watawa wa Mlima Kasane, ambao babu zetu waliwaomba washuke na mikuki yao wafukuze maharamia kwa msimu mmoja tu, walikuwa wamekwisha kukitawala kisiwa hiki cha Orishima kwa karne tatu, na amri yao ilikuwa kila nyumba impeleke mlimani mtoto wa kiume wa pili akitimiza miaka saba.

Alipelekwa mwaka wa kumi na sita, akasomeshwa sala asubuhi na mkuki jioni, akapata rafiki wa kufa na kuzikana, Doshun wa bandarini, ambaye ndiye aliyemfundisha kusinzia akiwa amekaa wima wakati wa tafakuri. Alipohitimu alikabidhiwa ulinzi wa njia ya kaskazini, akaifanya kazi hiyo kwa utiifu, katika theluji na katika mvua, hata magoti yakaanza kumsumbua angali kijana.

Mwaka wa arobaini na moja, baada ya mavuno kukauka mara mbili mfululizo, Ushiroura ilikataa kutoa watoto wake. Mkuu Jakusho akamtuma marehemu, makusudi kabisa, aje na kikosi akichome kijiji alichozaliwa. Alipofika darajani aliwakuta wanawake wamesimama na reki za chumvi, na mbele yao mama yake mzazi, ambaye hakuwa amemwona tangu utoto, akamwuliza, "Isaku, umekuja kula au umekuja kuua? Kama ni kula, uji upo jikoni. Kama ni kuua, anza na mimi upesi, maana miguu inaniuma kusimama."

Marehemu aliketi pale pale darajani. Watawa wenzake walitazamana, kisha nao wakaketi, na kina mama wakawaletea uji wa shayiri. Aliporudi mlimani, Mkuu alimwuliza kijiji kiko wapi, naye akajibu, "Kiko palepale, Mheshimiwa." Akanyang'anywa mkuki, akawekwa jikoni kuteka maji.

Jakusho alifariki mwaka wa arobaini na nne, wakati vijiji vyote vimechacha, na vikasema vitaongea na yule mteka maji na si mwingine. Doshun ndiye aliyempelekea habari. "Weka ndoo chini, bwana, watawa wamekubali, wamekufanya Mkuu." Marehemu akajibu, "Ngoja kwanza nijaze mtungi."

Alitawala miaka kumi na mmoja. Alipunguza mazao yaliyotozwa, akaamua kesi za mifereji, akabembeleza watawa waliotaka vita na vijiji vilivyotaka kisasi, na kila mwaka akitumaini kwamba mwaka ujao atalala. Hatimaye, wakati wa kuvuna mpunga, aliwakusanya watawa uani akawaambia, "Tuliombwa msimu mmoja. Nimechoka kuwalinda watu wanaotuogopa sisi kuliko maharamia. Nendeni makwenu." Akafunga lango la mlima, akashuka nao.

Historia ya mtu haisomwi nusu. Kabla theluji haijaanguka, meli za wageni ziliingia bandarini, zikakuta hakuna mlinzi. Waliuawa wengi, akiwamo Doshun, aliyepigana kwa kasia, na wana wawili wa mzee Kyubei, msuka nyavu. Marehemu alifika mapaa yanawaka, akabeba maiti, na Kyubei akamwambia mbele ya watu, "Ulifungua zizi ukasema ni uhuru. Haya, tazama kondoo." Marehemu akaendelea kubeba. Masika, vijiji vilipoungana kuwatoa wale wavamizi, alikuwa mstari wa mbele, na watu walipomsihi arudi kwenye kiti alikataa, akisema, "Mkinirudisha, mtanizoea." Ndipo yakaundwa mabaraza tuliyo nayo leo.

Kwa misimu miwili ya baridi alimpasulia kuni Omasa, dada yake Doshun, aliyekuwa mjane, bila kuombwa na bila kuingia ndani, mpaka Omasa alipotoka akamwambia, "Kuni hizi zitatutosha hadi uzeeni. Ingia ule, majirani wanatucheka." Walifunga ndoa mwaka wa tatu tangu mlima kufungwa, wakajaliwa watoto watatu, Ofumi, Kohei na Ginta. Siku Ginta alipotimiza miaka saba, marehemu alikaa mlangoni tangu asubuhi akitazama njia ya mlimani. Mama Omasa alimwuliza anamngoja nani. "Simngoji mtu," alisema, "ndiyo raha yenyewe."

Kifua kilianza kumsumbua baridi ya mwaka juzi, na tangu vuli hakuinuka tena. Katika ugonjwa huo alikuja Kyubei, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akimwona njiani anavuka upande wa pili. Aliketi, akauliza, "Ungejua meli zinakuja, ungewarudisha wale watoto mlimani?"

"Watoto? Hapana."

"Hata kama wanangu wangepona?"

Marehemu alilia, nasi hatukuwahi kumwona akilia. "Sijui, Kyubei. Miaka yote hii najiuliza, sijui."

Kyubei akasema, "Hata mimi sijui," akamwekea mto vizuri, akabaki kumuuguza.

Marehemu alifariki tarehe tatu mwezi wa pili, mwaka wa thelathini na tatu tangu mlima kufungwa, akiwa na miaka sabini na tisa, mikononi mwa mkewe.

Familia inamshukuru tabibu Sosen, aliyekuja hata barabara zilipofungwa na theluji, majirani waliotupikia, watawa wa zamani mliochimba kaburi katika ardhi hii iliyoganda, na mzee Kyubei, aliyemwosha marehemu kwa mikono yake akatukataza tusimsaidie.

Lala, baba. Zamu yako imekwisha, na hatutakuamsha.