Historia ya Mdogo Wangu Spoku, na Kona ya Ukumbi

Kabla sijaanza, nyie wa klabu ya mbio za pikipiki mliosimama huko ukumbini, acheni kunong'ona, nawasikia, mimi ni mzee, si kiziwi. Mnasema pikipiki ya marehemu ilipitishwa kwa huruma, kwamba mkaguzi alimwona mgonjwa na mpira puani akafumba macho. Basi pikipiki ipo nje kichochoroni, kalipa, kile chuma cha kubana na kupima unene, nimeilaza juu ya kiti chake, kitabu cha kanuni kiko wazi ukurasa wa kumi na moja, nikimaliza hapa kila mwenye shaka akapime mwenyewe, na asiyejua kusoma kalipa aniite, nimeishia darasa la saba lakini milimita nazijua. Familia imenichagua nisome kwa sababu mimi ndiye dada yake mkubwa, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema vingine.

Marehemu, ambaye hata mimi nilishazoea kumwita Spoku, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika chumba cha mbele cha nyumba hii hii, akiwa mtoto wa mwisho wa wazazi wetu. Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwezi Januari 1964 na kumaliza mwaka 1970, si kwa sifa kubwa, maana mwaka wa mwisho alikamatwa amefungua gurudumu la baiskeli ya mwalimu mkuu na kupanga spoku zake zote upya, akachapwa asubuhi, na mchana mwalimu huyo huyo akamletea baiskeli ya mkewe.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika gereji ya mabasi ya jiji, kitengo cha magurudumu na breki, akavuta vumbi la breki kwa miaka arobaini na moja, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na wifi yangu, karani wa posta, mwanamke mpole aliyekubali kulala chumba kimoja na matairi, naye alitutoka tarehe 21 Mei 2011. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye leo ni dereva wa lori na ndiye yule aliyesimama karibu na dirisha, yaani palipokuwa na dirisha.

Klabu alijiunga nayo mwaka 1988, na alipostaafu akaamua kuunda pikipiki yake mwenyewe ya daraja la pikipiki za kale. Kwa wasiojua, daraja hilo halitaki ujanja, magurudumu lazima yawe ya spoku, yote mawili ya inchi kumi na nane, na uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, usizidi unene wa milimita thelathini na tano. Mkaguzi ni yule mzee mrefu pale, mnayemwita Bwana Hapana, na jina hilo hakulipata kwa huruma. Mwaka 2018 alimkatalia gurudumu la mbele kwa kuwa ni inchi kumi na tisa. Mwaka 2020 alimkatalia uma uliotoka kwenye pikipiki mpya, milimita thelathini na nane. Mwaka 2022 mdogo wangu alipeleka uma mwingine, ameuchagua kwa miezi minne, Bwana Hapana akabana kalipa yake, akasema, "Thelathini na tano na nukta mbili, Spoku, rudi nao nyumbani." Nukta mbili, ndugu zangu, ni unene wa karatasi mbili, naye akarudi nao nyumbani. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayesema alifumba macho?

Mwezi Novemba 2023 marehemu alianza kukosa pumzi, na tarehe 4 Desemba daktari akatueleza kuwa mapafu yameharibika na hayatarudi. Tukamweka katika chumba hiki cha nyuma, pamoja na mashine ya hewa yenye mpira wa mita nne, na kwa urefu wa mpira huo ndipo dunia yake ilipoishia, kitanda, ndoo, dirisha, na mahali palipobaki akaifanya karakana. Hapa hapa, akiwa amekaa kwenye kigoda, alichagua tena, uma wa zamani uliotoka kwenye chuma chakavu, milimita thelathini na nne na nukta tisa, na ringi mbili alizozijaza spoku moja moja, anazungusha, anasikiliza, anakaza, mpaka nikamwambia, "We mwanamume, utazikwa na hizo spoku." Akanijibu, "Dada, zikiwa zimenyooka, sawa." Vipande vilipita ukumbini kimoja kimoja, binti akivibeba, fremu, uma, gurudumu, gurudumu, na humu ndani vikawa pikipiki.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili mwaka huu, Bwana Hapana alikuja na kalipa yake, akapiga magoti pale sakafuni saa nzima, akapima kila kitu mara tatu, kisha akafunga uma na ekseli ya mbele kwa waya na lakiri ya klabu. Lakiri ikikatwa katikati ya msimu, pikipiki si halali tena hadi mwaka unaofuata, kanuni ndivyo zinavyosema. Kesho yake binti akaisukuma itoke. Gurudumu la mbele likagonga ukuta wa jiko, kwa sababu ukumbi wetu, huu ujia mwembamba wa kutokea mbele, una kona, na kona ile haijawahi kuombwa kupisha pikipiki nzima. Wakaja majirani wanne, wakaisimamisha kwa gurudumu la nyuma, ikagonga dari. Bila gurudumu la mbele ingepita, na gurudumu la mbele ndilo lililofungwa lakiri. Binti akasema, "Baba, haigeuki," naye akacheka mpaka mashine ikapiga kelele.

Baada ya hapo hakucheka tena. Aliniomba nivunje dirisha tuweke mlango, pikipiki itokee kichochoroni, binti akaikimbize mbio za Juni. Nikakataa, nikasema vumbi la tofali litamuua. Akaniomba tena mwezi Julai, kwa ajili ya mbio za Agosti, nikasema nyumba si gereji. Vumbi nilisingizia, ningeweza kumhamishia chumba cha mbele kwa siku mbili. Ukuta ule niliujenga na marehemu mume wangu, sikutaka uguswe, ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Basi wakakaa humu wote wawili, yeye amefungwa na mpira, pikipiki imefungwa na waya, na mimi na funguo zangu upande wa pili wa kona.

Jumamosi iliyopita, tarehe 19 Oktoba, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa na mkono wake kwenye tairi. Mchana seremala akaja na kamba, akapima urefu wa sanduku, akapima kona ya ukumbi, akaniambia, "Bibi, hili halitageuka." Nikamwita mwashi. Jumapili ukuta ukavunjwa, jana mlango ukawekwa, na kazi niliyoikatalia miezi sita ikaisha kwa siku mbili. Pikipiki ilitangulia kutoka leo asubuhi, lakiri haijaguswa. Tarehe 2 Novemba, mbio za mwisho za msimu, binti yake ataiendesha, na anayetaka kuweka pingamizi aweke leo, mbele ya baba yake.

Familia inawashukuru madaktari na muuguzi wa zamu ya mchana, majirani wanne na migongo yao, wafanyakazi wenzake wa gereji ya mabasi, na Bwana Hapana, kwa kutomhurumia.

Nawe mdogo wangu, tulia sasa, hutaambiwa tena ugeuke mahali pasipo na nafasi.

Mbebeni, mtokee hapa, ni pana. Nyie wa ukumbini mfuateni, kalipa inawasubiri. Mimi natoka wa mwisho, na mlango naufunga mwenyewe.